Gitaa la Marehemu, Besi ya Muuaji: Mhadhara Kuhusu Muziki wa Bleki Metali na Itikadi za Watunzi Wake

Swali la kama kazi ya sanaa yaweza kutenganishwa na maadili ya aliyeitunga limejadiliwa kwa muda mrefu katika fasihi, na wahakiki wa Kiswahili waliolelewa katika mjadala wa fani na maudhui wanalifahamu, ingawa wao kwa kawaida huuliza jambo lililo tofauti kidogo, yaani kama umbo la kazi laweza kutazamwa mbali na yale ambayo kazi hiyo inayasema. Muziki wa hevi metali hulileta swali hili kwa ukali usio wa kawaida, kwa kuwa lipo tawi lake moja, liitwalo bleki metali, ambamo baadhi ya watunzi mashuhuri walipatikana na hatia ya kuua na ya kuchoma makanisa, na wengine wakahubiri ubaguzi hadharani, ilhali sauti waliyoikamilisha imesambaa ulimwenguni na leo inapigwa na watu ambao baadhi ya watunzi hao wasingewakaribisha hata barazani. Mhadhara huu unashikilia kwamba sauti hutengana na mtunzi wake kwa urahisi kuliko inavyodhaniwa, na kwamba kinachoitenganisha ni mikono ya wanamuziki wengine, wala si dhamiri ya msikilizaji. Lakini albamu, kwa maana ya kitu chenye jalada, jina na bei, haitengani naye kwa njia hiyo, na wengi wanaodai kuwa wao husikiliza muziki tu huwa wanazichanganya hoja hizi mbili.

Hevi metali ni aina ya roki inayotegemea gitaa la umeme lililokuzwa sauti hadi likakwaruza, ngoma nzito, na rifu, yaani kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa mpaka kikawa ndio uti wa mgongo wa wimbo. Wanahistoria wengi wa muziki huo huanzia albamu ya kwanza ya bendi ya Black Sabbath ya Uingereza, iliyotoka Februari 1970. Mpiga gitaa wa bendi hiyo, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine katika kiwanda cha mabati mjini Birmingham akiwa na umri wa miaka 17, na kwa kuwa yeye ni mtu wa shoto, vidole hivyo ndivyo vilivyotakiwa kubonyeza nyuzi. Akajitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimwumize, na kulegezwa huko kukaishusha sauti ya gitaa na kuipa kina. Kwa hiyo ule uzito ambao wahubiri wa Marekani wa miaka ya 1980 waliusikia kama sauti ya Shetani ulitokana kwa sehemu na ajali ya kazini. Isitoshe, Iommi na wenzake walitokea katika bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, na jambo hilo litafaa kukumbukwa pale mhadhara utakapofika kwa wale waliodai kuwa metali ni urithi safi wa watu wa Kaskazini.

Jina la bleki metali lilitokana na albamu ya mwaka 1982 ya Venom, bendi ya vijana wa Newcastle ambao Shetani kwao alikuwa mhusika wa jukwaani, kama lilivyo zimwi katika hadithi za watoto. Waliofuata hawakuuona utani huo. Kupitia Bathory ya Uswidi, na hasa kupitia vijana wa Norway wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, tawi hilo lilipata sura yake kamili: gitaa hupigwa kwa kuirudia noti ileile haraka mno hadi noti moja moja haisikiki tena na kinachobaki ni kama pazia la sauti, ngoma huenda mbio bila kupumzika, mwimbaji hupiga ukelele wa koo badala ya kuimba, na rekodi yenyewe huachwa makusudi na ukwaru, bila kusafishwa, kwa sababu usafi wa studio ulihesabiwa kuwa ni usaliti. Maneno ya nyimbo, hata yakiwa ya Kinorwe kinachoeleweka na wenye lugha yao, kwa kawaida hayashikiki kwa sikio bila kusomwa katika kijitabu cha albamu, na hali hiyo ina uzito mkubwa katika mjadala huu, kwani itikadi ya mtunzi mara nyingi humfikia msikilizaji kupitia macho kabla ya masikio, au bila masikio kabisa.

Kiini cha kundi la Norway kilikuwa bendi ya Mayhem, iliyoanzishwa mwaka 1984, na mpiga gitaa wake Øystein Aarseth, aliyejulikana kwa jina la Euronymous, ambaye mwaka 1991 alifungua mjini Oslo duka la rekodi lililoitwa Helvete, maana yake Jehanamu. Vijana waliokusanyika pale walishindana kwa ukali wa maneno, na mashindano ya maneno yakageuka kuwa mashindano ya vitendo. Tarehe 6 Juni 1992 kanisa la mbao la Fantoft, karibu na Bergen, ambalo asili yake ni karne ya 12, liliteketea kwa moto, na makanisa mengine yakafuata. Agosti mwaka huohuo Bård Eithun, mpiga ngoma wa bendi ya Emperor, alimuua mwanamume mmoja mjini Lillehammer, na baadaye akahukumiwa kifungo cha miaka 14. Tarehe 10 Agosti 1993 Euronymous mwenyewe aliuawa kwa kisu nyumbani kwake Oslo, na aliyemuua alikuwa Varg Vikernes, kijana wa Bergen aliyekuwa akipiga peke yake vyombo vyote vya mradi wake uitwao Burzum. Mei 1994 Vikernes alihukumiwa miaka 21, adhabu ya juu kabisa katika sheria za Norway wakati huo, kwa mauaji hayo na kwa kuchoma makanisa matatu na kujaribu kuchoma la nne. Kwa moto wa Fantoft hakupatikana na hatia.

Kumbukumbu hizi hurudiwa mara nyingi katika vitabu na filamu, mara nyingine kwa furaha isiyopendeza, lakini ni mara chache inapoelezwa jinsi zilivyoingia ndani ya kanda yenyewe. Kabla ya kuuawa, Euronymous alikuwa amerekodi na wenzake albamu ya Mayhem iitwayo De Mysteriis Dom Sathanas, katika studio ya Grieghallen mjini Bergen, ukumbi uliopewa jina la mtunzi Edvard Grieg na ambao kwa kawaida ni makao ya muziki wa okestra. Gitaa lilikuwa lake, ngoma zilipigwa na Hellhammer, sauti ilikuwa ya Attila Csihar kutoka Hungaria, sehemu kubwa ya maneno ilikuwa imeachwa na mwimbaji wa awali aliyejiua mwaka 1991, na besi ilipigwa na Vikernes. Albamu ilitoka mwaka 1994, mpiga gitaa akiwa kaburini na mpiga besi akiwa gerezani kwa kumuua. Wazazi wa Euronymous waliomba sauti ya besi iondolewe, ombi ambalo mzazi yeyote angelielewa. Hellhammer, kwa maelezo yake mwenyewe, alikubali kuwa angeirekodi upya, kisha hakufanya hivyo, kwa kuwa hakujua kupiga besi. Mchango wa Vikernes ukaachwa ulipo, umezamishwa chini ya magitaa, na anayesikiliza kwa makini bado anaweza kuutambua.

Kisa hicho kinastahili kukaziwa macho kuliko nadharia nyingi, kwani kinaonyesha kutenganisha kukijaribiwa kwa vitendo, kwa vitufe vya meza ya studio, na kukishindikana kwa sababu ya kawaida kabisa, yaani ukosefu wa mpiga besi. Kinaonyesha pia udhaifu wa dhana kwamba albamu ni tamko la itikadi moja. Euronymous alikuwa na historia ya kuhusiana na vijana wa mrengo mkali wa kushoto na alizisifu tawala za kidikteta za Ulaya ya Mashariki, ilhali Vikernes alielekea upande wa utaifa wa rangi; katika noti za albamu hiyo hakuna anayeweza kuonyesha ni wapi mmoja anaishia na mwingine anaanzia. Anayedai kuwa sauti hubeba itikadi ya mpigaji kama damu inavyobeba ugonjwa, itambidi aeleze ni ipi kati ya hizo mbili imo ndani ya rifu ambazo mmoja alizipiga kwa gitaa na mwingine akazifuata kwa besi.

Burzum ni mtihani mgumu zaidi, kwa sababu mle Vikernes hana wenzake wa kugawana nao lawama. Albamu ya Filosofem, iliyorekodiwa mwaka 1993 na kutolewa mwaka 1996, ilitengenezwa kwa kuchagua vifaa duni kwa makusudi: gitaa halikupitishwa katika kikuza sauti cha gitaa bali katika cha redio ya nyumbani, na sauti ikarekodiwa kwa kipaza sauti kidogo cha kichwani, kile kibaya kuliko vyote vilivyokuwapo studio. Matokeo yake ni sauti inayokwaruza na wakati huohuo kubembeleza, rifu chache zinazorudiwa kwa muda mrefu mpaka msikilizaji anapoteza hesabu ya dakika, na wimbo mmoja wa kinanda cha elektroniki unaozidi dakika 25 ambamo karibu hakuna kinachotokea. Ni kazi nzuri. Mhakiki anayekwepa kusema hivyo kwa kuhofia kuonekana anamtetea mtunzi hatendi haki kwa wasomaji wake, kwa kuwa wataisikia wenyewe na kutambua kwamba walifichwa jambo. Maneno ya nyimbo za Burzum nayo kwa sehemu kubwa yanahusu misitu, usiku, kifo na visasili vya kale, na anayeyatafutia siasa ya vyama ataambulia kidogo. Alipokuwa gerezani bila gitaa, Vikernes alitoa albamu mbili za kinanda zisizo na neno hata moja. Na hapo inafaa kukumbuka kwamba mwanafalsafa Mfaransa Roland Barthes alikuwa ametangaza kifo cha mtunzi tangu mwaka 1967, akimaanisha kwamba maana ya matini huzaliwa kwa msomaji na si katika nia ya mwandishi, lakini mtunzi huyu hakuwa na habari ya msiba wake mwenyewe, kwani aliendelea kuandika makala na vitabu kutoka gerezani, akiwafafanulia wasikilizaji wake namna ya kumwelewa.

Nadharia ya Barthes huwafaa watunzi wanaonyamaza. Haina msaada mkubwa pale mtunzi anapokifanya kitendo chake kuwa sehemu ya kazi. Mwaka 1993 Burzum ilitoa rekodi fupi iitwayo Aske, yaani Majivu, ambayo jalada lake ni picha ya mabaki ya kanisa la Fantoft lililoungua. Hata kama mahakama haikumtia hatiani kwa moto ule, picha hiyo si mapambo yaliyobandikwa na wengine. Ni mtunzi mwenyewe aliyeusogeza moto mpaka kwenye mkono wa mnunuzi na kumwambia kwamba huu nao ni muziki. Mnunuzi anayesema kwamba anazipenda nyimbo na hajali jalada atakuwa anatenganisha kile ambacho mtunzi alikiunga kwa makusudi, na ana haki ya kufanya hivyo, lakini asidai kwamba hakuna kilichokuwa kimeungwa. Ukweli usiopendeza ni kwamba umaarufu wa bleki metali ya Norway nje ya nchi yake ulitokana kwa kiasi kikubwa na magazeti ya uhalifu, na kwamba wengi waliifikia sauti kwa kupitia moto na maiti. Kwao uhalifu ulikuwa ndio mlango wenyewe.

Hata hivyo, kisa hiki kina upande wa pili, na upande huo una mafunzo zaidi kwa masikio ya Afrika Mashariki. Mwaka 2016 Manuel Gagneux, mwanamuziki wa Uswisi ambaye mama yake ni Mmarekani mweusi, alitoa kupitia mradi wake wa Zeal & Ardor albamu iitwayo Devil Is Fine, inayounganisha gitaa la bleki metali na uimbaji wa mtindo wa nyimbo za watumwa wa mashambani Marekani; wazo lenyewe lilitokana na pendekezo la kibaguzi alilorushiwa kwa dhihaka, naye akaligeuza kuwa swali la kisanaa, kwamba ingekuwaje kama watumwa wangemkimbilia Shetani badala ya Mungu wa mabwana wao. Miaka minne baadaye bendi ya Duma ya Nairobi, yaani Martin Khanja na Sam Karugu, vijana waliokulia katika metali ya Kenya, ilitoa albamu yake kupitia kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ambamo ukelele wa koo wa bleki metali unapita juu ya mapigo ya kielektroniki yanayokwenda mbio kuliko mpiga ngoma yeyote wa Oslo. Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, aliendelea peke yake na mwaka 2024 akatoa albamu ya The Adept, akiitunuku kwa Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha fildimasho katika vita vya Mau Mau. Ukelele uleule uliokamilishwa na vijana waliotaka kuurudisha utukufu wa mababu wa Kaskazini sasa unamtukuza mpiganaji wa msituni aliyepigana na Waingereza.

Hakuna aliyewapa wanamuziki hao ruhusa, wala hawakuwa wakijaribu kumtakasa mtu. Walichukua mbinu, yaani namna ya kupiga noti, namna ya kutumia koo, namna ya kuuacha ukwaru katika rekodi, wakaitumia kwa jambo lao, na kwa kufanya hivyo walithibitisha kwamba mbinu hiyo haikuwa na itikadi isiyoweza kung'olewa. Msikilizaji aliyekaa chumbani akijishawishi kwamba amemsahau mtunzi hajathibitisha chochote, kwa kuwa hakuna anayeweza kukagua moyo wake. Mwanamuziki wa Nairobi ameacha ushahidi unaosikika. Tena historia ilikuwa upande wake tangu mwanzo, kwani waliodai kwamba metali ni mali ya damu fulani walikuwa wakipiga gitaa la umeme kwa mkwaruzo na marudio ambayo nasaba yake, kupitia Birmingham, inarudi kwenye bluzi ya watu weusi. Kulihubiri jambo la usafi wa rangi kwa chombo hicho ni kichekesho ambacho wahubiri wake hawakukitambua.

Inawezekana kupinga kwa kusema kwamba hoja hii inafaa kwa kelele zisizo na maneno yanayoshikika, lakini haifai pale wimbo unaposema wazi unachosema. Kwa jambo hilo hakuna mfano wa karibu zaidi kuliko kesi iliyosikilizwa Arusha, ingawa mshtakiwa wake hakuwahi kupiga metali. Simon Bikindi, mtunzi na mkuu wa kundi la ngoma la Irindiro la Rwanda, alishtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda pamoja na mambo mengine kwa nyimbo zake, ambazo redio ya RTLM ilizirusha mara kwa mara mwaka 1994. Katika hukumu ya Desemba 2008 majaji walikubali kwamba nyimbo zake zilitumika katika kampeni ya chuki dhidi ya Watutsi na kwamba zilieneza uhasama wa kikabila, lakini hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba alizitunga kwa nia mahsusi ya kuchochea mauaji, wala kwamba yeye ndiye aliyeamua zirushwe redioni katika miezi ile. Walimtia hatiani kwa jambo jingine: mwishoni mwa Juni 1994, katika barabara ya kati ya Kivumu na Kayove, alitumia kipaza sauti cha gari kuwahimiza watu wawaangamize Watutsi. Adhabu ilikuwa miaka 15, na rufaa haikuibadilisha.

Majaji wa Arusha waliyatazama mambo kwa jicho ambalo mabishano kuhusu metali mara nyingi hulikosa. Waliuliza wimbo unasema nini, kisha aliyeutunga alikusudia nini, kisha nani aliutumia na kwa ajili gani, na majibu ya maswali hayo hayakufanana. Wimbo wa Bikindi ulikuwa na maneno ambayo kila msikilizaji wa Kinyarwanda aliyaelewa, ulirushwa na redio iliyokuwa ikihimiza mauaji, na bado mahakama ilitofautisha ubaya wa wimbo na kosa la mtunzi. Kwa upande mwingine haikusema kwamba wimbo huo hauna hatia kwa kuwa ni sanaa. Mtu akiishika Filosofem kwa kipimo hicho atakuta maneno yasiyochochea lolote, mtunzi mwenye itikadi mbaya, na watumiaji wa aina nyingi, yakiwamo makundi ya mrengo wa Kinazi yaliyolifanya jina la Burzum kuwa bendera yao. Kosa la watumiaji hao haliwezi kuandikwa katika rifu, lakini anayevaa fulana yenye jina hilo mitaani Ulaya asishangae akiulizwa amesimama upande gani.

Fedha ni jambo jingine, na hapa hoja ni nyepesi kiasi cha kutohitaji falsafa. Vikernes aliachiliwa kwa masharti mwaka 2009, akahamia Ufaransa, na mwaka 2014 mahakama ya Paris ilimtia hatiani kwa kuchochea chuki dhidi ya Wayahudi na Waislamu, ikampa kifungo cha miezi sita kilichoahirishwa na faini ya yuro 8,000. Mtunzi aliye hai hudai mrabaha, yaani sehemu ya mapato ambayo mwenye haki hulipwa kazi yake inaponunuliwa au kusikilizwa, na mrabaha hauna masikio ya kusikia kwamba mlipaji anatenganisha. Anayetaka kusikiliza bila kulipa gharama za mahubiri ya mtu anaweza kununua nakala iliyotumika kwa mtu mwingine, na jambo likaishia hapo.

Ugumu halisi wa fedha uko katika bendi, ambamo kazi ni ya wengi. Jon Schaffer, mpiga gitaa na mwanzilishi wa bendi ya Iced Earth ya Marekani, aliingia katika jengo la Bunge la nchi hiyo siku ya uvamizi wa tarehe 6 Januari 2021, na Aprili mwaka huohuo akakiri makosa mahakamani. Wenzake walijiondoa mmoja baada ya mwingine, na kampuni yao ya kurekodi ikajitenga na bendi. Aliyeacha kununua albamu za Iced Earth alimnyima Schaffer mapato, na papo hapo aliwanyima waimbaji na wapiga ngoma waliopita katika bendi hiyo kwa zaidi ya miaka 30, ambao wengi wao hawakuwa hata na habari ya safari yake. Wanaodai kususia huongea kana kwamba albamu ina mwenyewe mmoja. Albamu nyingi za metali zina wenyewe watano au sita, bila kumhesabu fundi wa studio.

Hata kifo cha mtunzi, ambacho hukata mrabaha baada ya muda, hakimalizi shauri. Richard Wagner alifariki mwaka 1883, baada ya kuandika kijitabu cha kuwashambulia Wayahudi katika muziki, na bado Daniel Barenboim alipoongoza kipande chake mjini Jerusalem Julai 2001, baadhi ya wasikilizaji walitoka ukumbini kwa hasira. Hapakuwa na senti iliyokwenda kwa Wagner. Kilichogombewa ni heshima ya jukwaa, mbele ya watu waliokuwa na kumbukumbu ya Wanazi walioupenda muziki huo na ya walichokifanya, na katika jambo hilo aliyeumizwa ana neno la kwanza ambalo mpenzi wa muziki hana.

Wanaoitumia Norway kuthibitisha kwamba metali huzaa uovu hunyamaza kwa namna ya kuchekesha linapotajwa jina la Tim Lambesis. Bendi yake, As I Lay Dying ya California, ilijulikana kwa imani ya Kikristo ya wanachama wake. Mwaka 2013 alikamatwa kwa kujaribu kumkodi mtu, ambaye kumbe alikuwa askari kanzu, amuue mkewe, na mwaka uliofuata akahukumiwa miaka sita. Hakuna aliyeandika kwamba maneno ya imani yalimfundisha kuua. Ikiwa maneno mema hayakumzuia huyo, basi itahitaji hoja nzito zaidi ya zile zilizozoeleka kusema kwamba maneno mabaya, ambayo wala hayasikiki vizuri, ndiyo yaliyowasukuma wengine.

Mfano unaofaa zaidi kupimia haya yote ni wa Darkthrone, bendi ya Kolbotn, karibu na Oslo. Albamu yao ya Transilvanian Hunger ya mwaka 1994 ilibeba nyuma ya jalada maneno yaliyoitangaza kuwa bleki metali ya Kinorwe ya watu wa Aria, na maneno ya nyimbo zake nne yaliandikwa na Vikernes. Kampuni ya Peaceville ya Uingereza ilijikuta katika fedheha, bendi ikatoa maelezo, na katika jalada la albamu iliyofuata mwaka 1995 ikatamka kwamba si bendi ya Kinazi wala ya kisiasa. Mpiga ngoma wake, Fenriz, baadaye alichaguliwa kuwa mjumbe wa akiba katika baraza la mji wake, baada ya kampeni ambayo, kwa maelezo yake, ilikuwa picha yake akiwa amempakata paka na ombi kwamba watu wasimchague. Kosa la mwaka 1994 lilikuwa la jalada, na marekebisho yake yakafanywa kwenye jalada, mahali palepale lilipotendwa, bila noti moja ya gitaa kubadilishwa; ila maneno ya zile nyimbo nne bado ni ya Vikernes, na anayezisikiliza leo anasikia maneno ya mtu yule yakitoka katika koo la mwimbaji mwingine, kwa lugha ya Kinorwe ambayo wasikilizaji wengi wa Burzum na Darkthrone duniani hawaielewi.